Mashine Haili Gesi

Jua la mji wa Tamale mwezi wa tatu halimsubiri mtu amalize kazi zake. Zuwera alilijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana alikuwa amekwisha kufagia ua, amejaza mitungi maji, na uji wa mawele umeiva mapema. Uji haukuwa wake. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na Zuwera alikuwa amefunga. Uji ulikuwa wa mama mkwe wake, ambaye daktari alimkataza kufunga.

"Dasiba, Hajia," alisalimu Zuwera, akapiga goti na kuuweka uji mbele yake.

"Naa," aliitikia Hajia Asibi. "Niwekee ndani. Mimi mzee mzima nile barazani wakati watoto wamefunga? Watu watasema nini?"

"Watasema Hajia anamtii daktari. Umelalaje, mama?"

"Nimelala kama samaki kwenye kikaango. Upande mmoja umeiva, upande mwingine bado."

Zuwera alicheka, lakini moyoni aliumia.

Hajia Asibi aliuza mafuta ya shea sokoni kwa miaka mingi. Mdomo wake ulikuwa bado mkali. Moyo ndio uliochoka. Mwaka uliopita, joto lilipopamba moto, alianguka kando ya mitungi ya maji. Hospitali walisema moyo wake hauwezi tena kupambana na joto kali. Anywe maji, apumzike mchana, na chumba chake kiwe na ubaridi. Mwanawe Issahaku, mume wa Zuwera, ni mwalimu wa shule ya msingi. Alijinyima mpaka akanunua kiyoyozi, akakifunga chumbani kwa mama yake.

Mwanzoni kilifanya kazi vizuri. Ukaja msimu wa harmattan na upepo wake wa vumbi, kiyoyozi kikapumzishwa. Joto liliporudi, kiliwashwa, lakini hakikuwa kile cha zamani. Kilipuliza hewa vuguvugu kama pumzi ya mbuzi. Maji yalichuruzika ukutani, yakalowesha mkeka wa Hajia wa kuswalia.

Issahaku alimwita Tahiru, fundi wa mtaani.

"Mashine imekula gesi," alisema Tahiru. Akaongeza gesi. Chumba kikapoa kwa siku chache, kisha joto likarudi. Tahiru akaitwa tena. "Imekula tena. Mashine hizi zina njaa." Akaongeza. Hadithi ikawa ile ile. Mwishowe akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Mwalimu, kompresa imekufa. Huu ndio moyo wa mashine. Ninayo nyingine, imetumika kidogo tu. Nitakuletea."

Issahaku hakuwa na njia nyingine. Akaanza kumtafuta mtu wa kununua pikipiki yake.

Siku hiyo hiyo, dada yake Issahaku, Lamisi, alipiga simu kutoka Kumasi.

"Mke wetu, mama yangu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, wifi. Ni joto tu."

"Joto tu? Mnamchoma mama yangu kama kiazi kwenye majivu, halafu unasema joto tu! Nakuja na gari kabla ya Idi. Namchukua aje akae kwangu."

Hajia alisikia, maana sauti ya Lamisi haikuhitaji simu kufika.

"Kumasi nitaongea na nani?" alisema simu ilipokatwa. "Lamisi anakwenda kazini asubuhi, anarudi jioni. Majirani hawajui Kidagbani. Nitasalimiana na makabati?"

Zuwera aliiweka simu chini, akamsogezea maji. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo. Alipoolewa katika nyumba hii, Hajia ndiye aliyemshika mkono kama binti. Hajia ndiye aliyemnunulia cherehani anayoshonea mashati mapana ya mistari wanayovaa wanaume wa Tamale. Nyumba bila Hajia? Hakutaka hata kuifikiria.

Mchana mmoja, Zuwera alimpelekea Hajia maji ya kunywa. Alimkuta ameegemea ukuta, uso umemlegea, pumzi fupi fupi.

"Mama! Mama, nitazame!"

"Chumba kinazunguka," alinong'ona Hajia.

Zuwera alimtoa nje mpaka barazani penye upepo. Akalowesha nguo, akamfuta shingo na makwapa, akampepea, huku akipaza sauti kuomba msaada. Jirani mpya wa ng'ambo ya njia alikuja mbio. Alikuwa dada mmoja mwembamba aitwaye Wumpini. Alifundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi katika chuo cha ufundi. Alikuwa na gari dogo. Pamoja walimfikisha Hajia zahanati.

Muuguzi alimpima, akampa maji ya chumvi na sukari, wakamwangalia kwa muda. Hajia akapata nguvu. Ishara ya kwanza ilikuwa pale alipomwambia muuguzi kwamba kitanda chao kina mifupa.

"Arudi nyumbani," alisema muuguzi. "Lakini asilale tena kwenye joto lile. Safari ijayo huenda asiwahi kufika hapa."

Waliporudi, Wumpini alisaidia kumlaza Hajia kwenye chumba cha mbele chenye feni. Kisha akauona ukuta wenye alama za maji.

"Dada Zuwera, hii mashine ilisafishwa lini?"

"Kusafishwa? Ni mashine, si sufuria."

Wumpini alicheka. "Cherehani yako nani anaipaka mafuta?"

"Mimi mwenyewe."

"Na nyuzi na pamba zikinasa chini ya sindano?"

"Nazitoa. Usipozitoa inakwama."

"Basi hata hii ni hivyo hivyo. Kesho jioni nikitoka chuoni nakuja. Lakini sitasafisha mimi. Utasafisha wewe, mimi nitatazama."

Kesho yake Wumpini alifika. Zuwera alisogeza kiti, akapanda, akashika kifuniko.

"Shuka!" alisema Wumpini. "Umezima?"

"Nimezima kwa rimoti."

"Rimoti inailaza tu. Umeme bado umo ndani. Zima swichi yake kubwa pale ukutani. Kila mara, kabla hujagusa chochote. Na ukisikia harufu ya waya kuungua, au ukaona cheche, au swichi ikawa inajizima kila ukiwasha, zima kabisa, usifungue, ita fundi."

Zuwera alizima swichi. Akapanda tena, akainua kifuniko cha mbele. Akashangaa.

"Barafu! Huku ndani kumejaa barafu, na chumba kinawaka moto!"

"Ndiyo ajabu yake," alisema Wumpini. "Kiyoyozi hakitengenezi hewa mpya. Kinavuta hewa ya chumba hiki hiki, kinaipitisha kwenye mabomba ya baridi, kinairudisha. Hewa ikizuiwa njiani, baridi inabaki kwenye mabomba. Unyevu unaganda juu yake. Halafu barafu ikiyeyuka, maji yanakuja kwenye mkeka wa Hajia. Iache iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba. Sasa vuta hicho kitu chenye matundu kama chekecheke. Ndicho chujio."

Zuwera alivuta. Chujio halikuwa na matundu tena. Vumbi lote la harmattan lilikuwa limelala pale, nene kama blanketi.

"Yallah! Hii ndiyo hewa anayovuta mama yangu?"

"Ndiyo hiyo. Lioshe kwa maji na sabuni kidogo. Likaushe kivulini, usilianike juani, litapinda. Wakati huu wa joto, unapoitumia kila siku, litazame kila baada ya wiki mbili. Ukiona limechafuka, osha."

"Ni hilo tu?"

"Hilo ndilo watu wengi wanalisahau. Twende nje."

Nje, mpira mwembamba wa kutolea maji ulining'inia ukutani. Mdomo wake ulikuwa mkavu kabisa. Zuwera aliinama, akachungulia. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba yao ya udongo ndani yake. Aliutoa udongo ule taratibu kwa kijiti. Kisha Wumpini akaingia ndani, akapanda kiti, akamimina maji polepole kwenye kisahani cha chini ya mabomba. Kwanza hakikutoka kitu. Halafu ute mweusi ukateleza kama mlenda, na nyuma yake maji yakabubujika.

"Yanatoka!" alipiga kelele Zuwera. "Yanatoka nje!"

"Ndiko kwao," alijibu Wumpini kutoka dirishani.

Ikabaki mashine ya nje. Issahaku alikuwa ameizungushia mabati pande zote ili isipigwe na jua wala kuibwa. Ndani ya mabati, kanga wa Hajia, wale ndege wenye madoadoa, walikuwa wameona pahali pazuri pa kutagia. Manyoya na majani makavu yalikuwa yamenasa kila mahali.

"Dada," alisema Wumpini, akijishika kiuno, "ukipika ndani ukafunga mlango na dirisha, itakuwaje?"

"Nitakufa kwa joto na moshi."

"Mashine hii kazi yake ni kulitupa nje joto la chumba cha Hajia. Mmeizungushia ukuta. Hilo joto liende wapi?"

Waliyatoa mabati. Kanga walilalamika, wakahamishwa. Zuwera alimwagia mashine maji kidogo kidogo kwa mpira wa bustani, bila nguvu, maana mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, ni laini na hupinda upesi. Alipotaka kufungua kifuniko cha pembeni ili asafishe zaidi, Wumpini alimshika mkono.

"Hapo ndipo mpaka wako. Ndani kuna kifaa kinachotunza umeme hata baada ya kuzima. Kinaweza kukuua. Mwenye nyumba anasafisha. Ndani ya hapo ni kwa fundi aliyesomea."

Barafu ilipoyeyuka na chujio kukauka, waliwasha. Upepo ulitoka kwa nguvu. Maji yalitiririka nje. Lakini ubaridi wenyewe ulikuwa hafifu.

Zuwera alivunjika moyo. "Kwa hiyo Tahiru alisema kweli? Imekula gesi?"

"Gesi imepungua kweli. Lakini sikiliza. Gesi si petroli ya pikipiki. Haiungui, haiishi kwa kutumika. Inazunguka tu ndani, kama damu mwilini. Ukimwona mtu damu imempungua, utasema ameila?"

"Hapana. Ameumia mahali, inavuja."

"Basi umekwisha kuwa fundi. Mashine haili gesi. Fundi anayekuongezea gesi bila kutafuta inapovujia ni kama anayejaza maji kwenye mtungi uliopasuka."

Wumpini alikoroga maji ya sabuni kwenye bakuli, akampa Zuwera brashi. Zuwera alipaka kwenye maungio ya bomba la shaba. Ungio la kwanza, kimya. Ungio la pili lilikuwa na doa la mafuta. Alipopaka pale, povu moja dogo likavimba, likapasuka, likavimba jingine.

"Usiguse. Kesho baada ya kipindi cha asubuhi nitakuja na pampu ya chuo."

Lakini kesho yake, Wumpini hajafika, Tahiru ndiye aliyetangulia. Alikuja na pikipiki ya magurudumu matatu, na nyuma yake kompresa kuukuu imefungwa kamba. Issahaku, aliyesikia jana habari ya povu lakini bado akamwamini fundi, alikuwa uani na mtu mmoja aliyekuja kuitazama ile pikipiki yake.

"Mwalimu, leo tunamaliza," alisema Tahiru. "Nimekuletea moyo mpya."

Zuwera alikuwa kwenye cherehani. Hakuwa na mazoea ya kubishana na mafundi, tena mbele ya mgeni. Lakini aliikumbuka sauti ya muuguzi. Akasimama.

"Karibu, kaka Tahiru. Hebu nikuulize. Kompresa imekufa?"

"Imekufa kabisa, mke wa mwalimu."

Zuwera aliingia ndani, akawasha kiyoyozi, akarudi. Baada ya muda mashine ya nje ikaanza kunguruma.

"Maiti wa kwenu wananguruma?"

Mnunuzi wa pikipiki akaangua kicheko. Tahiru akakuna shingo. "Inakaribia kufa."

"Na gesi uliyotia mara zote zile, imekwenda wapi?"

"Imeliwa."

"Na nani? Ana meno?" Zuwera alileta bakuli la sabuni. Akapaka povu kwenye ungio kwa brashi. "Mume wangu, njoo utazame hapa."

Issahaku alichuchumaa na shati lake jeupe la shule. Povu likavimba, likapasuka. Likavimba tena. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akamgeukia mnunuzi.

"Ndugu yangu, samahani. Pikipiki haiuzwi."

Tahiru aliinamisha kichwa. "Mwalimu, wallahi sikukusudia ubaya. Mimi nilifundishwa hivi. Haipoi, ongeza gesi. Haipoi tena, badilisha kompresa. Kutafuta uvujaji hakuna aliyenionyesha."

Zuwera angeweza kumfukuza. Hasira alikuwa nayo. Lakini alimtazama, akaona mtu anayesema kweli.

"Basi kaa," alisema. "Anayejua anakuja."

Wumpini alifika na pampu na mizani. Hakumkaripia Tahiru. Alimwambia tu, "Kaka, shika spana." Walizima umeme. Gesi iliyobaki waliivuta, wakaihifadhi kwenye mtungi, hawakuiachilia hewani. Mdomo wa bomba ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Tahiru aliukata, akalifanyia bomba mdomo mpya, akaukaza. Kisha pampu ikavuta hewa na unyevu wote kutoka kwenye mabomba. Walisubiri kuona kama kuna hewa inayorudi ndani. Haikurudi. Ndipo Wumpini akaonyesha karatasi ya chuma iliyobandikwa ubavuni mwa mashine.

"Kiasi cha gesi na aina yake vimeandikwa hapa. Hatukisii. Tunapima."

"Miaka yote hii nakisia," alisema Tahiru kwa sauti ndogo. "Naomba nije chuoni kwako unifundishe."

"Milango iko wazi."

Gesi ilipokwisha kupimwa na kutiwa, Zuwera aliwasha. Hajia aliletwa, akakaa kwenye kiti katikati ya chumba kama chifu anayesubiri habari. Upepo ukamfikia usoni. Akafumba macho.

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe hiyo rimoti. Nataka kumi na sita."

"Hajia," alisema Wumpini, "namba hiyo si mwendo wa gari. Ukiweka kumi na sita chumba hakipoi haraka zaidi. Mashine inahangaika tu bila kupumzika na umeme unaliwa bure. Weka ishirini na tano, funga mlango na pazia."

"Umeme ndio unaoliwa, sio?"

"Huo ndio unaoliwa."

"Na ukikatika, kisha ukarudi?" aliuliza Issahaku. "Hapa kwetu unacheza cheza."

"Usiwashe papo hapo. Subiri kama dakika tano, umeme utulie na kompresa ipumue. Mkipata nafasi, fungeni stebilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme. Umeme unaopanda na kushuka ndio unaoua kompresa kweli kweli."

Siku zilizofuata joto lilizidi. Mbwa walilala chini ya magari ndimi nje. Lakini chumbani kwa Hajia palikuwa pametulia. Shoga zake wa sokoni wakaanza kumtembelea kila adhuhuri. Walisema wanakuja kumjulia hali, lakini kila mmoja alikuja na mto wake.

Lamisi alifika kutoka Kumasi kabla ya Idi, kama alivyoahidi. Alishuka garini jasho linamtoka, mtandio mabegani, maneno mdomoni.

"Mama yangu yuko wapi? Fungeni mizigo yake! Sitaki kusikia..."

Alisukuma mlango wa chumba. Ubaridi ukampokea. Hajia alikuwa ameketi kitandani na shali mabegani, amezungukwa na shoga zake, anawasimulia kisa cha mteja mmoja wa zamani aliyetaka mafuta ya shea ya mkopo ili apake ngamia.

"Lamisi, funga mlango!" alisema Hajia. "Unatuingizia joto la watu."

Lamisi alibaki amesimama. Alitazama ukuta uliokauka. Alimshika mama yake mkono, akaukuta mkavu na mtulivu. Aliketi mkekani kupumzika kidogo kwa uchovu wa safari. Akalala hapo hapo mpaka alasiri.

Alipoamka alimfuata Zuwera jikoni, ambako maandalizi ya kufuturu yalikuwa yameanza. Alichukua kisu, akaanza kukata vitunguu bila kuombwa.

"Mke wetu," alisema, "nilikusema vibaya. Nisamehe."

"Yamepita, wifi. Ulikuwa unamwogopea mama. Hata mimi nilikuwa naogopa."

"Mama habanduki hapa, nimeona." Lamisi alifuta macho, na haikujulikana kama ni vitunguu. "Lakini hebu niambie. Mimi kwangu maji yanadondoka, nimeweka ndoo chini mwaka wa pili huu. Chujio ndilo lipi?"

Zuwera alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akamchukua wifi yake kwa mkono, wakaenda kuzima swichi kubwa, akamfundisha.

Lamisi alirudi Kumasi peke yake baada ya Idi. Lakini asubuhi ya Idi yenyewe alikuwepo, na aliyaona mwenyewe. Hajia Asibi alivaa nguo nyeupe, akakataa fimbo, akakataa kushikwa. Alitembea taratibu kabla jua halijakaza, akafika uwanja wa swala kwa miguu yake. Watu walisimama kumsalimu. Shoga mmoja wa zamani, aliyekuwa hajamwona tangu mwaka uliopita, alimkumbatia kwa mshangao.

"Asibi! Mwaka jana tulikuombea kama mgonjwa. Mwaka huu umekuwa kijana. Daktari gani huyo anayekutibu?"

Hajia alimvuta Zuwera mbele, akamshika bega mbele ya wanawake wote.

"Daktari ni yule yule," alisema. "Lakini nikimaliza kuwasalimu, wenye viyoyozi visivyopoa waanze foleni hapa. Huyu ndiye fundi wangu."